Nani ana ufunguo wa zahanati yetu?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninaishi pembezoni mwa Jiji la Tanga, njia ya kwenda Pangani. Zahanati yetu ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja wa afya. Muuguzi akienda semina, tunafungiwa mlango. Dada yangu kaolewa ng'ambo ya mpaka, wilaya ya Muheza, mwendo wa baiskeli tu kutoka kwangu. Kwao zahanati ina tabibu, ina wauguzi wawili, na dawa za watoto hazikatiki kama kwetu. Na sisi ndio tunaoitwa watu wa jiji, lenye bandari na kiwanda cha saruji! Nikimuuliza diwani, anasema hayo ni ya Mkurugenzi. Ofisa aliyekuja kwenye mkutano wa mtaa akasema wanasubiri kibali kutoka Dodoma. Hebu nieleze, nani hasa anagawa? Na huko kugawa kuna haki, au ni bahati tu ya mahali mtu alipojenga? Halafu karavati la njia ya zahanati limevunjika tangu masika. Nalo ni la nani? Mama wa watoto watatu, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilikaa miaka 26 katika ofisi za mipango, halmashauri tatu za mkoa huu, na swali lako la "nani anagawa" ndilo lililokuwa likitutoa jasho kila msimu wa bajeti. Tulikuwa tukilijibu kwa majedwali. Wewe nitakujibu kwa maneno, ila univumilie, maana jibu ni refu.

Diwani na yule ofisa hawakukudanganya. Kila mmoja alikwambia kweli ya kipande chake, na hapo ndipo shida ilipo. Zahanati yenu ina funguo nyingi na kila ufunguo uko mfuko wake. Jengo ni la Halmashauri ya Jiji. Nafasi ya muuguzi inaombewa kibali Ofisi ya Rais, Utumishi. Kupangiwa kituo, kwa kawaida hupangwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa. Mshahara unatoka Hazina. Dawa, kwanza huulizwa Bohari ya Dawa, zikikosekana hutafutwa kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyepewa mkataba. Miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya. Na mtoto akizidiwa ukamkimbiza Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo umeshatoka mikononi mwa Jiji kabisa, kwa sababu tangu mwishoni mwa 2017 hospitali za rufaa za mikoa zimehamishiwa Wizara ya Afya. Bombo iko Tanga, inaonekana hata ukiwa baharini, lakini baraza la madiwani la Tanga halina la kuiamuru.

Sasa jiulize: katika hao wote, nani anayekuja kupiga magoti kwako kila baada ya miaka mitano? Diwani, ambaye hana ufunguo hata mmoja wa hizo kubwa. Anayeajiri hakujui, anayelipa hakujui, na anayekujua hana cha kukupa zaidi ya kikao. Miaka yangu yote kazini nimeona watu wakibishana kama madaraka yakae Dodoma au yakae wilayani. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba mwananchi anapunjika pale ambapo anayelipa, anayeajiri na anayeulizwa ni watu watatu wasiokutana.

Haikuanza leo. Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri na kuleta kilichoitwa Madaraka Mikoani. Jina tamu. Kilichokwenda mikoani ni maofisa wa serikali kuu, na madaraka walikuja nayo mfukoni, wakaondoka nayo. Huduma za miji zilidorora upesi hata halmashauri za miji zikarudishwa 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982, Na. 7 ya wilaya, Na. 8 ya miji na Na. 9 ya fedha, ambazo hadi leo, pamoja na viraka vyake vingi, ndizo zinazotuongoza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya, kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo asingeyarudia. Mwaka 1998 ikaja sera ya ugatuaji wa madaraka kwa wananchi, na Katiba yenyewe, ibara ya 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Tangu hapo tumekwenda mwendo wa kaa. Mwaka 2003 ikafutwa kodi ya maendeleo. Watu wa rika langu wanakumbuka mgambo wakisimamisha wanaume njiani kudai stakabadhi, na kuna waliolala mashambani msimu mzima. Ilistahili kufa. Lakini ilikuwa kodi ambayo mlipaji alimjua aliyeichukua, na aliweza kumuuliza iko wapi. Kisha 2016 kodi ya majengo ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. 2017 barabara za halmashauri zikapewa TARURA. 2019 maji ya vijijini yakapewa RUWASA. Kila hatua ilikuwa na sababu yake, na nyingine zilikuwa sababu nzuri: mhandisi wa maji wa wilaya aliyekuwa akitegemea gari bovu na ruzuku iliyochelewa alipata ofisi inayoeleweka. Lakini kila hatua ilimpunguzia diwani wako jambo la kujibu, na wewe hukupewa mtu mwingine wa kumuuliza.

Sasa tuje kwenye mgawo wenyewe, maana hapo ndipo dada yako alipokupita.

Kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 ruzuku za serikali kuu kwa halmashauri zilianza kugawiwa kwa kanuni ya hesabu. Kabla ya hapo zilikwenda kwa mazoea: ulichopata mwaka jana, kiongezwe kidogo. Aliyerithi vituo vingi alipata kingi, asiye na kitu alibaki na kutokuwa na kitu kwake. Kanuni ya afya ilisema hivi: asilimia 70 ya mgawo ifuate idadi ya watu, asilimia 10 ifuate vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 10 ifuate umaskini, na asilimia 10 iliyobaki ifuate urefu wa njia ambazo gari la Mganga Mkuu wa Wilaya linalazimika kupita kuvifikia vituo vyake. Hicho kipengele cha gari mimi nilikipenda mno. Aliyekibuni alikuwa amewahi kukaa kwenye lile gari. Muheza inaanzia pwani na kupanda mpaka Amani, huko juu kwenye misitu na mashamba ya chai ya Usambara Mashariki, na mvua ikinyesha hiyo safari ni ya kusali. Jiji la Tanga unaweza kulizunguka na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo kwa kipengele cha umbali, na kwa cha umaskini, Muheza wana cha kudai. Ni haki yao, na dada yako anaponea humo.

Lakini kanuni inahesabu halmashauri, haihesabu mitaa. Jiji la Tanga lina Raskazone na nyumba zake za bustani zinazotazama bahari, na lina ninyi huko kwenye minazi na mihogo. Kwenye jedwali la Dodoma wote ni mstari mmoja, na wastani wa mstari huo unapendeza. Mtu wa Bumbuli au wa juu kabisa Lushoto anahesabika kuwa yuko mbali. Wewe unaishi maisha ya kijijini, unachota maji ya kisima, unategemea bodaboda, na kwenye karatasi wewe ni mtu wa mjini. Hakuna watu wanaopunjika kimyakimya kama watu wa pembezoni mwa miji iliyoendelea. Nimeliona Tanga, nimeliona na kwingine.

Hata jina la makazi yako linakugharimu. Dada yako, ikiwa yuko kijijini, ana Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye nafsi ya kisheria. Kinaweza kumiliki ardhi na mali, kikashtaki na kushtakiwa. Wewe una mtaa. Mtaa una mwenyekiti, una kamati, una mtendaji na mhuri wake, lakini kisheria hauna nafsi kama ya kijiji. Mali na fedha ni za Jiji. Kijiji kikiamua kujenga nyumba ya mganga kina mahali pa kuanzia. Mtaa ukiamua, unaanza kwa kuandika barua.

Hata hivyo fedha za uendeshaji ndizo ndogo. Uzito wote uko kwenye mishahara, na mishahara haikuwahi kuifuata ile kanuni. Inamfuata mtumishi. Halmashauri yenye walimu na wauguzi wengi inaletewa mishahara mingi. Yenye wachache inaletewa kidogo, hata kama ina wagonjwa mara mbili. Kwa hiyo ukitaka kujua nani anapata nini katika nchi hii, usiangalie sana fungu la dawa. Angalia orodha ya uhamisho. Mtumishi mpya anapangiwa kijijini, anaripoti, anakaa miaka miwili, kisha inakuja barua ya kumfuata mwenza mjini, au ya ugonjwa, au simu kutoka kwa mtu ambaye jina lake haliandikwi. Akiondoka anaondoka na mshahara wake, na fedha hiyo ya umma imehama wilaya bila kikao chochote kuketi. Simlaumu yule binti wa miaka 24 anayepelekwa mahali pasipo na nyumba ya kupanga wala umeme. Ninachosema ni kwamba mgawo mkubwa kuliko yote unafanywa na uhamisho wa mtu mmoja mmoja, na hakuna anayeuita mgawo.

Ongeza na mwaka 2017. Baada ya uhakiki wa vyeti, watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi wakaondolewa, na hiyo ni wakati ajira mpya zilikuwa zimebanwa. Uhakiki ulikuwa wa haki kabisa. Lakini kituo chenye watu kumi kikipoteza mmoja hakiumii kama kituo chenye watu wawili. Amri moja, uzito tofauti.

Hilo la amri moja na uzito tofauti naomba nilikalie kidogo, maana ndilo kosa la serikali kuu ninalolijua kwa ndani. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000. Kila darasa, popote lilipo, shilingi milioni 20. Yakamilike kabla ya shule kufunguliwa Januari 2022. Na yalikamilika, sikatai, watoto wengi waliingia kidato cha kwanza bila ile aibu ya kusubiri awamu ya pili. Ila fikiria shule iliyo karibu na lami, saruji inatoka Pongwe, mchanga unashushwa na lori mlangoni. Halafu fikiria shule ya milimani ambako lori linakomea chini, na mchanga, kokoto na maji vinapandishwa kwa vichwa vya watu. Milioni 20 ya kwanza inabakisha chenji ya kununua madawati. Ya pili haifiki kwenye bati, na wazazi wanaitwa kuchangia. Wanaochangia ni wazazi wale wale ambao kipengele cha umaskini kiliwekwa kwa ajili yao. Dodoma waliona wamegawa sawa kwa sawa. Walikuwa wamegawa namba sawa.

Elimu ya msingi nayo ndivyo. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji imehesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa wa msingi, ambayo 6,000 iliwekwa iende shuleni na 4,000 ibaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya Ngamiani yenye wanafunzi wengi inapata fedha ya kueleweka. Shule ya wanafunzi 90 inapata ya kununulia chaki, na mlinzi wanaulizana nani amlipe. Mlinzi ni mmoja kote.

Utaniambia: lakini mzee, Jiji lina mapato yake. Kweli, na hapo sasa simtetei mtu. Kuna ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni, na mji wenye bandari na saruji hauwezi kulingana na wilaya inayosimamia kizuizi cha machungwa. Tena wa machungwa wenyewe wamepunguziwa: tangu 2017 ushuru wa mazao umeshushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mkulima alipumua, halmashauri ya wilaya ikabanwa pumzi, na pengo halikuzibwa na yule aliyetangaza punguzo.

Jiji nalo lilinyang'anywa tonge nono, kodi ya majengo. Sasa inakatwa kwenye LUKU. Ilipoanza huko mwaka 2021 nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, iwe kasri la ufukweni au vyumba vinne vya Mabawa, ilimradi si ghorofa. Na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, analipa kodi ya nyumba isiyo yake. Halmashauri ilipokuwa ikikusanya yenyewe ilikusanya vibaya, nakiri, nilikuwepo. Lakini ilikuwa na sababu ya kuzijua nyumba zake, na mwenye nyumba alikuwa na sababu ya kuuliza taa za barabarani.

Pamoja na hayo, bado Jiji lina cha kwake. Na huko ndani ya mpaka hakuna kanuni ya asilimia 70 wala ya gari la mganga. Kuna Kamati, kuna Mkurugenzi, kuna madiwani wa kata za mjini ambao ni wengi na wanakaa karibu na ofisi, na kuna diwani wako anayekuja kikaoni kwa daladala la alfajiri. Serikali kuu inagawia halmashauri kwa hesabu. Halmashauri inagawia mitaa yake kwa sauti. Nilishawahi kupendekeza, katika halmashauri moja nisiyoitaja, kwamba fedha zetu za ndani za afya zigawiwe kwa kata kwa kanuni ile ile tuliyokuwa tukiidai Dodoma itutendee. Pendekezo lilipokewa vizuri sana. Likapelekwa kwenye kamati ndogo, na sidhani kama limetoka hadi leo.

Na kuna hili la wakurugenzi. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Anayeweza kumhamisha kesho yuko juu, kwa hiyo macho yake yako juu, ni binadamu. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, tukimaanisha kinyume chake, wageni wanaokuja na kunogewa wakasahau kurudi. Kwa wakurugenzi msemo umekuwa kweli kwa maana ya kawaida kabisa. Anafika, anaanza kujifunza majina ya kata, anaondoka. Msawazo wa watumishi, yaani kuwatoa kwenye vituo vilivyojaa na kuwapeleka vilivyopungukiwa, unataka mtu wa kukaa na kuvumilia kuchukiwa. Wa miezi kumi na minne hawezi.

Wapo watakaokwambia dawa ni kufanya kama jirani. Vuka Horohoro uko Kwale, na Kenya tangu Katiba ya 2010 ina kaunti 47 ambazo kwa sheria zinatakiwa kupata si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na gavana anayechaguliwa na watu wenyewe. Mtu wa Kwale anajua nyumba ya kwenda kupigia kelele, na hilo si dogo. Lakini madaktari wao walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, walikuwa wakidai mkataba uliotiwa saini na serikali kuu mwaka 2013, ilhali sasa waajiri ni kaunti, na kaunti zikasema hazikuwepo wakati wa kusaini. Wagonjwa walisubiri nje wakati wakubwa wakitafuta nani ana ufunguo. Kwa hiyo kushusha funguo peke yake hakutoshi. Zikishushwa nusu, mlango unabaki umefungwa vilevile.

Maji nayatajia kwa haraka kwa sababu najua yanakuja. Ninyi mko eneo la Tanga UWASA, wanaochota bwawa la Mabayani, mto Zigi. Dada yako, akiwa kijijini, yuko chini ya RUWASA na chombo cha watumia maji cha kwao. Tanga UWASA mwaka 2024 waliuza hatifungani ya kijani, yaani walikopa kwa wawekezaji, ya zaidi ya shilingi bilioni 53, ya miaka 10, wakaiorodhesha Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ni jambo la kujivunia, mamlaka ya mji wetu imekwenda sokoni kwa jina lake. Lakini deni la soko linalipwa na bili, na bomba linalolipa haraka ni lile linalopita penye nyumba nyingi zilizobanana. Nyumba zilizotawanyika kama zenu zinahitaji mtu mwingine atie ruzuku. Mkiona bomba jipya linaishia kabla ya kwenu, ulizeni ruzuku ya kulifikisha bomba hadi mkiani ni jukumu la nani, msimtukane fundi.

Haya, wewe ufanye nini? Kibali cha Dodoma kiache kwanza. Ni kweli Jiji haliwezi kuajiri muuguzi wa kudumu bila hicho. Lakini kuhamisha muuguzi ndani ya Jiji ni mamlaka ya Mkurugenzi, halihitaji Dodoma. Kuajiri kwa mkataba kwa mapato ya ndani pia kunawezekana, na halmashauri kadhaa zimefanya. Kwa hiyo ukiambiwa "tunasubiri kibali", jibu lako kwa adabu ni: ahsante, na msawazo wa ndani mmeufanya lini?

Ili swali hilo lisipeperuke, liwe na karatasi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Andikeni, kupitia mtendaji wa mtaa, mkiomba jambo moja tu: ikama (idadi ya watumishi wanaotakiwa) na idadi ya watumishi waliopo kwa kila zahanati na kituo cha afya cha Jiji, pamoja na idadi ya wagonjwa wa nje kwa kila kimoja kwa mwaka uliopita. Msiandike malalamiko katika barua hiyo, wala msimtaje mtu. Taarifa hizo zipo, na za wagonjwa zinajazwa kila mwezi kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa takwimu za vituo vya afya. Mkishazipata, mpeni diwani wenu aingie nazo kikaoni. Diwani mwenye namba hachekwi. Na baraza la madiwani ni kikao cha wazi, nanyi mna haki ya kwenda kukaa nyuma na kusikiliza. Hamtasema, lakini kuonekana kuna kazi yake. Mimi nimeona ajenda ikisogezwa mbele kwa sababu kina mama kumi na watano walikuwa wamekaa ukumbini na khanga zao, kimya.

Kuna mlango mwingine ambao watu wengi hawaujui. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, hazipiti tena kwenye akaunti ya halmashauri zikazungukazunguka. Na matumizi yake hayapangwi na muuguzi peke yake: ipo Kamati ya Usimamizi wa Kituo, yenye wawakilishi wa wananchi. Uliza kwenu wajumbe ni nani. Mara nyingi ni watu waliochaguliwa zamani, mmoja kahama, mmoja kafariki, na mihtasari inaandikwa kwa niaba yao. Jazeni nafasi hizo. Huo ndio ufunguo pekee katika lile bunda ambao sheria imeuweka mkononi mwenu, na umepata kutu kwa kutoshikwa.

Nikuombe na jambo moja gumu. Najua mmezoea kuiruka zahanati na kwenda Bombo moja kwa moja, au kwa dada yako Muheza. Ningekuwa na mtoto mwenye homa na mlango umefungwa ningefanya hivyo hivyo. Lakini mgonjwa anapoandikwa Muheza, anahesabika Muheza. Idadi ya wagonjwa wanaofika kituoni ina uzito mkubwa katika kupanga dawa na fedha za kituo, kwa hiyo kituo kibovu kinakimbiwa, kinachokimbiwa kinaonekana hakina kazi, na kisicho na kazi kinaongezewa nini? Siku ambazo muuguzi yupo, nendeni. Kliniki za watoto, chanjo, uzazi wa mpango, vyote viandikwe hapo kwenu.

Karavati. Kama lipo kwenye njia inayotoka barabara kuu kuingia mtaani, hiyo ni ya TARURA. Barabara kuu yenyewe, hii ya Tanga kwenda Pangani, ni ya TANROADS. Diwani hana fungu la barabara tangu 2017, ila anaweza kuwabana kwenye vikao vya halmashauri. TARURA wana meneja wao Tanga, nenda na picha mbili: moja ya karavati, na moja ya bodaboda au mama mjamzito akivuka hapo. Nenda kabla hawajafunga mpango wa matengenezo wa mwaka unaofuata, maana mwaka wa fedha unaanza Julai, na ukienda Juni utaambiwa karavati lako ni zuri sana, limekosa fungu tu.